Saa janja inasema nimeunguza kalori 305 kwa kutembea dakika 40 nikiwa na ujauzito wa wiki 24: niiamini?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Habari za jioni wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara, nina umri wa miaka 31, na ujauzito wangu, ambao ni wa kwanza, umefika wiki ya 24. Kabla ya kushika mimba nilikuwa na desturi ya kutembea kwa haraka kila jioni baada ya kazi, natoka nyumbani Shangani nashuka hadi ufukweni, nafuata pwani kisha narudi, mzunguko wa kilomita tatu na kidogo unaonichukua kama dakika 40. Kliniki waliniambia niendelee maadamu sina tatizo, nami nimeendelea jioni nne kwa wiki, mkononi nikiwa na saa janja ambayo mume wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam mwaka jana.

Kinachonitatiza ni hesabu za saa hiyo. Mwezi wa nne, kabla ya mimba, njia hii hii kwa mwendo huu huu ilikuwa ikinipa wastani wa mapigo ya moyo 108 kwa dakika na kalori 225. Wiki hii inanipa mapigo 128 na kalori 305. Njia haijarefuka na mwendo haujaongezeka, sasa hizo kalori 80 za ziada zimetoka wapi? Halafu kuna jambo jingine lililonichanganya zaidi. Niligundua kwamba programu ya simu bado ilikuwa na uzito wangu wa zamani wa kilo 61, nikaingiza kilo 68 za sasa, nikitarajia kalori zipande kwa kuwa mzigo ninaoubeba umeongezeka. Zilishuka! Kwa mapigo yale yale, 313 ikawa 305.

Ninauliza kwa sababu hesabu hiyo imeanza kuingia jikoni. Wifi yangu ninayeishi naye anashikilia kwamba ninakula kwa ajili ya watu wawili, nami kwa kutaka kuwa na mpango nimekuwa nikiongeza chakula cha usiku kulingana na saa: ikisema 305, naongeza wali wa kufidia 305, na siku nisipotembea siongezi kitu. Je, namba hiyo inafaa kufanyiwa kazi ya namna hiyo? Na kama saa inapima mapigo vizuri, kwa nini ikosee kalori? Rafiki mmoja amenishauri ninunue mkanda wa kuvaa kifuani, eti huo haudanganyi.

Mkunga wa Lindi

Mwalimu, hongera kwa safari, na hongera zaidi kwa kutokuacha kutembea, maana akina mama wengi ninaowaona wakishika mimba hukaa kitako miezi tisa wakidhani ndiyo kujitunza. Mimi ni muuguzi mkunga katika mkoa wa Lindi, na naomba nianze na moyo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya saa yako inapoharibikia.

Saa haipimi kalori. Inapima mapigo, kisha inakisia kalori kwa dhana kwamba moyo umeharakisha kwa sababu misuli inadai hewa ya oksijeni, na kwamba kadiri misuli inavyodai zaidi ndivyo inavyounguza zaidi. Kwa mtu asiye mjamzito dhana hiyo inakaribia ukweli akiwa kwenye mazoezi. Kwako wewe moyo umepewa kazi nyingine ambayo misuli ya miguu haihusiki nayo: damu yako inaongezeka hadi kukaribia nusu zaidi ya ile uliyokuwa nayo, mishipa imelegea, kondo la nyuma na figo vinataka mgao wao, na kwa ujumla moyo wa mjamzito husukuma damu kwa asilimia 30 hadi 50 zaidi kwa kila dakika. Mapigo ya kupumzika hupanda kwa 10 hadi 20. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale mapigo 20 uliyoyaona yameongezeka unayo hata ukiwa umekaa mezani unasahihisha madaftari. Saa inayakuta njiani na kuyahesabu kama jasho.

Naomba utufahamishe mapigo yako ya asubuhi kabla hujainuka kitandani yalikuwa mangapi zamani na ni mangapi leo. Naomba pia utazame kwenye kadi yako ya kliniki wingi wa damu ulikuwa kiasi gani ulipopimwa mara ya mwisho, kwa sababu upungufu wa damu huufanya moyo ukimbie ili damu kidogo iliyopo izunguke haraka, na huko nako saa huona kalori. Joto letu la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, hufanya vivyo hivyo: moyo hupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, mapigo yanapanda, na kazi ya misuli iko palepale. Homa, kahawa na usiku wa kukosa usingizi vyote vina mchango wao.

Kuhusu chakula, tafadhali iondoe saa jikoni. Wataalamu wa FAO na WHO katika ripoti yao ya mwaka 2004 walikadiria kwamba mjamzito anahitaji nyongeza ya kalori kama 85 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika miezi mitatu ya kati na 475 katika miezi mitatu ya mwisho, na nyongeza hiyo ni ya kila siku, umetembea au umelala, kwa sababu mtoto hajengwi jioni nne kwa wiki. Kwa wiki zako 24, kiganja cha korosho na ndizi mbivu moja juu ya milo yako ya kawaida ni karibu kabisa na hizo 285. Mpe wifi salamu zangu: mtu wa pili anayemsema bado anakula kidogo sana. Lakini ile desturi yako ya kutoongeza kitu siku usiyotembea ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko hizo siku za wali mwingi. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa akiruka chakula cha usiku kila siku ambayo saa yake haikufikisha namba aliyojipangia, na mizani ya kliniki ilikuwa imesimama palepale kwa wiki tano.

Kilo 7 katika wiki 24, kama ulianza na kilo 61 na wewe si mfupi sana, hazinipi wasiwasi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unamtarajia mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16 kwa ujauzito mzima, na uko ndani ya njia hiyo.

Fundi wa Rahaleo

Dada mwalimu, mkunga ameshamaliza upande wa mwili, mimi naongeza upande wa chombo, kwa kuwa kazi yangu ni kufungua na kutengeneza vifaa vya namna hii.

Geuza saa yako uangalie mgongoni, utaona taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye vimishipa vya ngozi, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena. Saa inahesabu kupungua na kuongezeka huko. Tatizo ni kwamba mkono unaotikisika nao hubadilisha mwanga, na ukitembea kwa haraka hatua zako ni kama 115 au 120 kwa dakika, kiwango kilicho karibu mno na mapigo yako. Saa iliyolegea mkononi inaweza kuacha kufuata moyo ikafuata hatua, na ikakuonyesha namba safi kabisa isiyo na dalili yoyote ya kosa. Ivae upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze kiasi isiteleze, futa jasho na mafuta ya kupaka, halafu ukiwa njiani simama ghafla uhesabu mapigo kwa vidole kwenye kifundo cha mkono au shingoni kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, ulinganishe na kioo. Usisubiri, kwa sababu ukisimama mapigo yanashuka upesi.

Sasa kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Vifaa 6 vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, jambo ambalo si baya hata kidogo. Katika kalori hapakuwa na hata kimoja kilichofanya vizuri: kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichokuwa cha mwisho kwa asilimia 93. Chukua hiyo asilimia 27 ya kifaa bora uiweke kwenye 305 yako, unapata kalori 82. Zile 80 zilizokuleta hapa zimemezwa zote na kosa la kawaida la kifaa bora, kabla hata hatujautaja ujauzito. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba makosa yaliongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2020 walilipima suala hilo mahsusi na hawakuona tofauti ya maana baina ya rangi za ngozi. Walichokiona wao ni kwamba mwendo ndio unaoharibu. Kwa hiyo usiisingizie ngozi yako, angalia kwanza mkanda wa saa.

Kuhusu uzito ulioingiza na kalori zikashuka, hilo si hitilafu. Makampuni hayatangazi kanuni zao, lakini ipo moja iliyochapishwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 2005, iliyotokana na watu wazima waliozoea mazoezi, na inatumika sana. Kwa wanawake, kanuni hiyo huongeza kalori kwa kila pigo la moyo na kwa kila mwaka wa umri, lakini hupunguza kwa kila kilo ya uzito. Nimeikokotoa kwa namba zako za dakika 40. Mapigo 108 na kilo 61 inatoa kalori 215. Mapigo 128 na kilo 61 inatoa 300. Mapigo 128 na kilo 68 inatoa 292. Linganisha na 225, 313 na 305 za saa yako, uone jinsi zinavyotembea pamoja. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba miongoni mwa wanawake waliopimwa, aliyekuwa mzito zaidi kwa kawaida moyo wake ulihitaji kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile, hivyo kila pigo lake likahesabiwa kuwa na thamani ndogo. Kilo zako ni za maji, damu na mtoto, na kanuni hiyo haina habari nazo.

Kama unataka makisio yasiyotegemea moyo, tumia njia ya mwendo. Kutembea kwa kasi kama yako hukadiriwa kuwa mara 3.5 ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia, na mwili uliotulia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Zidisha 3.5 kwa kilo 61 kwa theluthi mbili za saa, unapata 142. Weka kilo 68, unapata 159. Tofauti ni 17. Hiyo ndiyo gharama ya kubeba kilo 7 kwenye mzunguko wako, na katika hizo 159 kuna kama 45 ambazo ungeziunguza hata kama ungebaki umekaa kwenye mkeka. Nayo ni makisio, lakini angalau haipandi kwa sababu jua limekuwa kali.

Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe na haubabaishwi na hatua, kwa hiyo rafiki yako hajakosea kuusifu. Ila ukiununua kwa ajili ya kalori utakuwa umepata mapigo sahihi zaidi ya kulishia kanuni ile ile isiyokufaa.

Mzee wa Ng'apa

Wanangu, mama zetu walichota maji kisimani hadi siku ya kujifungua, ndoo kichwani na mtoto mwingine mgongoni, na hakuna aliyejua kalori ni mnyama gani. Mnajitafutia maradhi ya wasiwasi.

Mkunga wa Lindi

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli walitembea, na kutembea huko kuliwasaidia. Lakini wapo waliokuwa wakisimama njiani kushika mti kwa sababu moyo ulikuwa unadunda na macho yanaona giza, na wakaambiwa ni uvivu, kumbe damu ilikuwa imepungua. Huyu mwalimu ana bahati ya kuwa na kitu mkononi kinachomwambia moyo unakimbia. Tunabishana tu juu ya tafsiri yake.

Mama Pacha, Mikindani

Naomba nimtetee kidogo mwenye saa, kwa sababu naona itaishia droo la kabati. Nilibeba mapacha miaka miwili iliyopita nikiwa na saa ya bei nafuu, na pia niliazima mkanda wa kifuani kwa mdogo wangu anayekimbia mbio ndefu. Mkanda ulinifaa hadi mwezi wa sita, baada ya hapo mbavu zilitanuka, mkanda ukawa unanibana chini ya matiti na kunizidishia kiungulia, ukiulegeza unateleza na namba zinarukaruka. Saa nayo ilinishinda karibu na mwisho kwa sababu ya kuvimba mikono: asubuhi ilikuwa imelegea, jioni imeacha alama kwenye ngozi. Nilijaribu kuivaa nikiogelea hapa kwenye ghuba, nikaona mapigo yako chini sana kuliko nilivyotarajia, na mkunga wangu akanieleza kwamba majini moyo hupiga polepole zaidi kuliko nchi kavu kwa kazi inayofanana. Kwa hesabu ya saa yangu, nusu saa ya kuogelea ilikuwa na thamani ndogo kuliko kupanga foleni juani.

Nina lalamiko moja. Duka nililonunua saa, mjini, muuzaji aliniapia kwamba ina mpangilio maalumu wa wajawazito unaorekebisha kalori. Nilipoufungua nikakuta unahesabu wiki, unakukumbusha kunywa maji, na kukuonyesha mtoto analingana na tunda gani. Kalori zilikuwa zile zile. Nilirudi kumuuliza, akasema nisubiri programu ijisasishe. Mapacha sasa wanakimbia.

Hata hivyo kitu kimoja kilinifaa mwanzo hadi mwisho, nacho ni mapigo ya alfajiri, nikiwa bado nimelala, kabla ya chai na kabla ya kelele. Wakati huo mkono hautikisiki na saa haina cha kubabaika nacho. Niliyaandika nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, na wiki yalipopanda ghafla kwa 12 bila sababu nilikwenda kupimwa, nikakutwa na malaria kabla sijaanza kutetemeka. Saa iliyokosea kalori kila siku ilinisaidia siku hiyo. Swali langu kwa mkunga: nilikuwa nikiambiwa nisizidishe mapigo 140 kwenye mazoezi. Sheria hiyo bado ipo?

Mkunga wa Lindi

Mama Pacha, ahsante, na nakubaliana nawe kabisa juu ya mapigo ya alfajiri. Ile 140 ilitoka kwenye mwongozo wa chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani wa mwaka 1985, na chama chenyewe kiliiondoa mwaka 1994, lakini namba ikishaingia midomoni mwa watu haitoki kirahisi. Leo kinachosisitizwa ni jinsi mama anavyojisikia. Ukiwa unatembea, uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini ukijaribu kuimba ushindwe kuumaliza ubeti: hapo ndipo pa kati, na panatosha. Ukiweza kuimba vizuri kabisa, ongeza hatua kama unapenda, na ukishindwa kuongea, punguza. Kwa anayependa namba, mwongozo wa Kanada wa mwaka 2019 unaweka mazoezi ya wastani kwa mjamzito mwenye miaka 30 na zaidi kati ya mapigo 121 na 141, hivyo 128 za mwalimu ziko mahali pake. Muda nao anao: WHO inapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, naye kwa jioni nne ana 160.

Yapo mambo ambayo mama asiyasubirishe mpaka saa iyaone, kwa sababu haiyaoni: damu au maji kutoka ukeni, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi hata kabla ya kuanza zoezi, kichwa kuuma sana, tumbo kukaza kwa mpangilio, au mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya ugoko. Hapo ni kusimama na kwenda kituoni, hata kama kioo kinaonyesha moyo umetulia.

Mwalimu wa Shangani

Nawashukuru wote, na nimefanya kama mlivyoelekeza. Jana jioni niliikaza saa, nikaipandisha vidole viwili, na nilipofika pale wavuvi wanapotengenezea nyavu nilisimama mara tatu na kuhesabu kwa vidole, kijana mmoja akiniangalia akidhani nimepata kizunguzungu hadi akaniletea ndoo ya kukalia. Mara ya kwanza vidole vilinipa 33 kwa sekunde 15, yaani 132, na saa ikasema 131. Mara ya pili 128 kwa 127. Mara ya tatu nililegeza mkanda kwa makusudi: vidole 128, saa 117. Nilipohesabu hatua zangu kwa dakika moja zilikuwa 117. Fundi, nimekuamini.

Kwa upande wa mkunga, habari si nzuri sana. Mapigo yangu ya alfajiri kabla ya ujauzito yalikuwa 76, nimeyakuta kwenye kumbukumbu za simu, na leo ni 98. Kwenye kadi, wingi wa damu hudhurio la kwanza ulikuwa 11.4. Nilikuwa sijapimwa tena, kwa hiyo leo nimeomba nipimwe, imetoka 9.8. Vidonge vya madini chuma nilipewa, lakini nakiri kwamba nimekuwa nikivimeza asubuhi kwa chai ya rangi, na siku nyingine nikivisahau kwa sababu vinanichafua tumbo.

Mkunga wa Lindi

Hapo ndipo nilipokuwa na shaka, mwalimu. Kwa mjamzito tunataka 11, au isishuke chini ya 10.5 katika miezi ya kati ambapo maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe zenyewe. Kwa hiyo 9.8 inahitaji matibabu, na kituo chako ndicho kitakachopanga dozi. Utaona sasa kwamba nyongeza ya mapigo 22 alfajiri ina wenyewe wawili, ujauzito na upungufu wa damu, na saa yako imekuwa ikikupongeza kwa yote mawili kwa jina la kalori.

Chai ya rangi huzuia madini chuma yasifyonzwe, hivyo itenganishe na kidonge kwa saa moja au mbili, na kama kidonge kinakuchafua tumbo kimeze usiku baada ya kula kitu kidogo. Vitamini C husaidia madini chuma kuingia mwilini, na hapa kwetu msimu wa korosho ndio huu: mabibo yana vitamini C kuliko machungwa, na kwa wengi yanaoza chini ya mti. Nasema mabibo yenyewe, sio uraka, ile pombe ya mabibo. Kula dagaa, mbaazi, kisamvu, na maini ukiyapata kwa kiasi, si kila siku. Kutembea endelea kama kituo hakijakuzuia, ila punguza mwendo, chagua saa ambayo jua limeshuka, na usiangalie kabisa ukurasa wa kalori.

Fundi wa Rahaleo

Ukurasa huo unaweza kuufuta kwenye kioo cha saa. Kwenye saa janja nyingi ni kushikilia kioo kwa muda, kisha kuchagua vitu unavyotaka vionekane. Bakiza mapigo na muda.

Mwalimu wa Shangani

Narudi baada ya wiki nne, kwa kuwa niliahidi kwa mkunga kwa ujumbe wa pembeni kwamba nitaleta matokeo. Dozi ilibadilishwa, chai nimeihamishia saa nne, mapumziko ya shule, na wifi amepata kazi mpya ya kunisimamia vidonge kwa bidii ile ile aliyokuwa nayo kwenye wali. Damu ni 10.7. Uzito ni kilo 70, na mkunga wa hapa amesema ni sawa. Kwa kuwa nimeingia wiki ya 28, nimeongeza uji wa karanga saa kumi jioni kila siku, natembea au sitembei.

Mapigo ya alfajiri yameshuka hadi 90. Kwenye mzunguko wangu wa Shangani, dakika zile zile 40, wastani ni 121, na naongea na jirani yangu njia nzima bila kutafuta pumzi. Jana kwa udadisi nilifungua tena ule ukurasa niliokuwa nimeufuta, nikakuta saa imeandika kalori 270 na chini yake ujumbe kwamba nimefanya kidogo kuliko mwezi uliopita, nijitahidi.